Daftari la Mahudhurio, Kidato cha Nne B

Leo nalifunga.
Majina sitini na nane yaliingia kwa wino wa bluu,
yametoka ishirini na tisa.
Mengine niliyapiga mstari kwa rula, mstari mnyoofu,
kana kwamba kuna aliyeondoka kwa njia iliyonyooka.

Aikaruwa Mremi, kwa mfano.
Aliijua chulebuni kabla sijagusa chaki:
"Buni changa inaanza na doa, mwalimu, kama imechomwa sigara,
halafu mvua ya Aprili ikikaza, tawi zima kwisha."
Vizuri, nikamwambia, sasa sema kwa Kiingereza.
Akasimama. Akatazama dirishani.
Kibo ilikuwa wazi asubuhi ile, haina hata kilemba cha wingu.
Akakaa.

Tulikuwa na kibao cha kuwavika shingoni
waliopitiwa na Kiswahili.
Kipande cha mninga, kamba ya katani.
Aikaruwa alikivaa Jumatatu hadi Alhamisi.
Ijumaa hakukivaa: hakufungua kinywa.
Jumatatu hakuja.

Na mimi nisijitie utakatifu.
Mkaguzi akiwepo nilifundisha kwa lugha ya mtihani;
gari lake likishashuka kuelekea mjini, nafunga mlango,
nafundisha ili waelewe.
Usanisinuru niliupitisha kwa magendo
kama sukari ya Holili.

Ndeshimuni alifika mwisho. Tumpongeze.
Alikariri kurasa nzima, nukta na mkato,
hata kosa la mpiga chapa akalirudisha mtihanini vilevile.
Juzi nikamuuliza, lakini ulielewa?
Akacheka, akaziba meno kwa kiganja:
"Nilimaliza, mwalimu."

Aikaruwa yuko sokoni Kiboriloni, anauza dawa za mimea.
Nilimkuta ameinamia chupa, maandishi madogo kama sisimizi,
anamsomea mama mmoja wa Uru
neno kwa neno, Kiingereza kinaingia, Kiswahili kinatoka,
vizibo viwili kwa ndoo, usinyunyize upepo ukivuma.
Aliponiona akaficha chupa nyuma ya mgongo.
Miaka mitatu, na bado anaficha.
Nikamwomba aendelee.
Akaendelea, sauti chini kidogo.

Mwisho wa daftari kuna nafasi,
"maoni ya mwalimu wa darasa", mistari mitatu.
Mkuu wa shule anataka kwa Kiingereza.
Nimeandika kwa Kiswahili,
mwandiko mkubwa,
na mistari mitatu haikutosha.