Ila

Almasi hii ndogo kuliko punje ya mtama,
babangu Shebwana, sonara wa Ndia Kuu,
angeikodolea lenzi, aisukume mezani:
"Ina ila. Mwenye nayo kapunjwa."

Ila ndiyo niitakayo:
atomi moja ya kaboni haipo,
na ubavuni pa pengo kuna naitrojeni,
mgeni aliyeingia bila hodi.
Namulika kijani, yanijibu nyekundu.

Saa nane usiku, Tudor, chumba cha chini,
wekundu wafifia.
Nazuia pumzi. Sumaku imepita!
Lifti? Winchi ya Kilindini?
Kumbe pini ya ushungi wangu.

Naichomoa, naiacha ukumbini kwenye kisosi.
Pengo latulia.
Kisha wekundu wafifia tena, kidogo,
kama aliyeitwa kwa mbali,
na sasa sina pini ya kusingizia.