Nukta na Nyota

Daftari la ushirika wetu wa akiba, Kadutu, nyuma ya soko,
lilikuwa na akina Cirhuza tisa.
Mmoja kaandikwa Chiruza na karani aliyesomea Uvira,
mwingine Tshiruza, na yule aliyewahi kufanya kazi Kasai,
wengine Bwana, wengine Bw., mmoja Mzee Ciruza
mwenye doa la mawese juu ya z.

Nikasema: leo nayanyoosha.
Mvua ilikuwa inashuka mlima mbio kama mtu anayedaiwa,
umeme hakuna, betri asilimia kumi na nane.
Nikafungua kihariri, nikaandika ruwaza:

.*(C|Ch|Tsh)irh?uza

Isome pamoja nami, ni fupi.
Mabano ni mlango: C, Ch, Tsh, aingie yeyote.
Alama ya kuuliza baada ya h:
ukiwapo karibu, usipokuwapo hatugombani.
Na pale mbele, nukta na nyota.
Nukta ni herufi yoyote ile.
Nyota ni tena, na tena, hadi ushibe.
Nilizituma zikafagie Bwana na Mzee.
Zaidi ya hapo sikuzituma.

Nikabofya Badilisha Zote.
Mistari arobaini na mmoja, ikajibu,
kazi ya siku mbili, kufumba na kufumbua.
Nikahifadhi. Nikafunga.
Nikaenda kutafuta ndizi za kuchoma.

Jumanne akaja mama na beseni la sambaza kichwani.
"Naweka dola tano."
Jina?
"Nsimire M'Cirhuza."
Nikatafuta Nsimire.
*Hakuna kilichopatikana.*
Yuko mbele yangu, maji ya samaki yanamchuruzika shingoni,
na kioo kinasema hakuna.

Nilimkuta mstari wa sitini: Cirhuza,
deni, dola mia moja na arobaini.
Deni la baba yake, aliyezikwa Bagira mwaka juzi.
Akiba ya miezi kumi na minne
ilikuwa imekwenda kumlipia marehemu
na bado haikutosha.

Nyota ilikula Nsimire,
ikala nafasi, ikala M, ikala na ule mkato wa juu,
ilipofika kwa baba ndipo ikatosheka.

Nilikosa la kusema. Nikasema: mashine.
"Mashine haisikii njaa," akajibu. "Nani aliituma?"
Kisha akaweka kidole kwenye kioo, kidole chenye magamba:
"Hiyo M' si takataka.
Ndiyo inayosema mimi ni binti wa mtu,
si mtu mwenyewe."

Faili lilikwisha fungwa, kutendua hakupo.
Tukakaa na daftari la karatasi,
yeye anasoma, mimi naandika,
sambaza zinaanza kunuka, hakuna anayezitaja.

Siku hizi ruwaza yangu inaanza na kipaa kidogo, ^,
yaani mwanzo wa mstari, hapa tu, usitangetange.
Halafu Bwana, au Mzee, au Bw
na mkwaju mbele ya nukta yake,
ili nukta iwe nukta, isijifanye kila mtu.
Tsh nimeiacha. Chi nimeiacha. Kila mtu na karani wake.

Na Zote sibofyi.
Kompyuta inauliza mmoja mmoja: Badilisha hii?
nami namtazama aliye kwenye mstari kabla sijajibu.
Inachosha.
Jana usiku nilifika mia mbili na sita,
betri ikazima katikati ya jina.