Baada ya Tramu ya Mwisho

Brno, ghorofa ya chini kabisa.
Twangoja tramu ya mwisho ipite,
ndipo meza itulie.
Bohdana amezima feni, amezima hata friji.

Ndani ya tone la maji punje ya kioo,
ndogo kuliko vumbi la unga,
yafurukuta kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.
Mwanga waishika.
Hauna kidole, waishika.

"Kushoto kidogo," asema Hirofumi
toka Sapporo, kwao saa mbili asubuhi,
theluji imemzibia mlango.
Lugha si yake, si yetu;
sote twaibananga.

Nasogeza mwanga. Punje yafuata,
yafuata,
na huko juu mtu kaangusha kiatu.

Imeponyoka.

Kimya. Halafu ng'ambo ya dunia
kicheko:
"Haya, tukamate nyingine."