Picha ya Saa Tatu na Dakika Saba

Basi namba sita lina jicho kwenye paji la uso.
Linatoka Ruashi, linashuka barabara ya Kasenga,
na kila gari lililolala ndani ya mstari wa njano
hupigwa picha: namba, saa, mahali.
Kisha picha zinanijia mimi,
ghorofa ya pili, nyuma ya posta,
chini ya feni inayozunguka kwa kulalamika.

Kazi yangu ni vidole viwili.
Kulia, faini. Kushoto, samehe.
Kulia nilimpeleka mwenye duka la simenti,
na kijana wa jipu nyeusi aliyeingia kunyolewa
huku watu sitini wakimngoja kwa honi.
Kushoto nilipeleka pikapu iliyokuwa inashusha jeneza:
niliona pembe ya mbao, mikono sita,
shada la karatasi linalong'aa.
Bwana Kabwita, mkuu wetu, akanikaripia:
"Njia ya basi haijui msiba."
Dereva wa siku ile aliniambia baadaye
kwamba alizima injini, akavua kofia.
Hilo kamera haikulichukua.
Inatazama mbele tu.

Jumatatu ikaja Toyota ya buluu iliyopauka,
mlango mmoja mwekundu, wa gari jingine.
Sikuhitaji kusoma namba.
Ndani, baba mdogo Mwilambwe,
kofia ya mgodi magotini,
shavu limejaa mkate.
Saa tatu na dakika saba, ukutani mwa kiwanda cha unga.

Jumanne, pale pale.
Jumatano, pale pale, simu juu ya usukani,
akiikodolea macho kama sufuria isiyotaka kuchemka.

Nyumbani kwetu Katuba, saa kumi na moja alfajiri,
mama Kaseya hupiga pasi ovaroli,
hufunga bukari ndani ya kopo, husema, "Kazi njema."
Jioni anarudi na vumbi jekundu kwenye viatu
(analitoa wapi, Mungu wangu, analipaka kwa mkono?)
"Mgodi unachosha," anasema,
nasi tunamwachia kipande kinono cha samaki.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Ya baba mdogo ina mita nne na nusu,
urefu wa Toyota.

Nikibonyeza kulia, karatasi itafika nyumbani
na picha yake, na saa yake,
na mama Kaseya ndiye afunguaye barua zote.
Nikibonyeza kushoto, yupo muuguzi ndani ya basi
ambaye mgonjwa wake hajui habari za ukoo wetu,
yupo mtoto wa mtihani, yupo mama wa nyanya
zinazoiva njiani.
Na wale wote niliowapeleka kulia,
je, niliwahi kuuliza walikuwa wanaficha nini?
Picha tatu nikaziacha katikati,
mahali ambapo mashine haina jina lake.

Alhamisi niliomba ruhusa, nikapanda namba sita,
nikakaa mbele, chini ya lile jicho.
Breki. Honi. Matusi ya Kiswahili na ya Kibemba.
"Nifungulie," nikamwambia dereva.
"Hapa si kituo."
"Najua."

Nikagonga kioo.
Aliponiona, alivaa kofia upesi,
kama vile macho yangu ni mawe yanayoporomoka.
Kisha akaivua polepole.
"Tangu Machi," alisema.
Hakusema nini, nami sikuuliza.
"Sogeza gari kwanza, baba. Watu wanachelewa."
Akawasha. Iligoma mara mbili, ikakubali.

Picha hiyo ipo.
Mwanamke wa kitambaa cha kijani, ameinama dirishani,
mgongo wake kwa kamera.
Aliipokea Mwadi, mwenzangu wa meza ya pili.
Aliniangalia kitambo, akaenda kuchota maji.
Hajaniambia mpaka leo alitumia kidole kipi.