Mate

Siku ya sampuli, zahanati ya Kwa Mtoro
ilijaa watu wasioumwa.
Mimi nilishika orodha. Natalia Degera, mkulima.
Petro Gawe, mrina asali. Kila mmoja na kichupa chake,
kila mmoja ateme hadi mstari wa buluu,
asiwe amekula wala kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita.

Bibi Natalia alicheka: "Miaka yote mnatuambia
kutema mate ovyo ni ushamba,
leo mnayalaza kwenye barafu."

Eneko, mgeni wetu, alitoka kwenye milima
inayoegemewa na Uhispania upande huu, Ufaransa upande ule.
Kwao Wabaski, alisema kwa Kiswahili cha kuokoteza,
kuna lugha isiyo na dada wala binamu,
na wasomi wamezunguka dunia wakiitafutia ukoo.
Wakapimwa. Damu ikasema: mlikuja kwa mafungu,
wawindaji, wakulima, wapanda farasi,
mkaoana kama watu wote.
"Ulimi tu," akagusa midomo, "ulikataa kuolewa."

Bibi yake alipewa pete shuleni
kila aliponaswa akisema kikwao;
jioni, aliyekutwa na pete alichapwa.
Sikumwambia kwamba pete yetu ilikuwa kibao
chenye kamba ya katani, kikinuka jasho la shingo,
na kwamba mama alikivaa muhula mzima, darasa la tatu,
kisha akahamia Dodoma mjini, Chang'ombe, akaolewa na Mgogo,
akatuzaa, na kile kilugha hakukirudisha mdomoni
hata alipojikwaa, hata kwa uchungu wa kuzaa.

Na mimi nilitema. Kichupa namba arobaini na moja.

Majibu yalikuja mvua ya pili ilipokwisha,
karatasi yenye duara lililokatwakatwa kama chapati:
kipande cha baba, kipande cha wafugaji wa kaskazini,
na kipande cha mama, kikubwa kuliko nilivyodhani,
cha zamani kuliko uwele, kuliko jembe.
Nikampelekea Bibi Natalia. Akaigeuza juu chini.
"Inajua jina la kisima?"
Akalitamka: ulimi ukavunjika kwenye kaakaa
kama kijiti kikavu, halafu irabu, halafu kijiti kingine.
"Sema."
Nilisema kitu. Wajukuu wakaanguka kwa kicheko.

Mate yale yale. Yaliyosafirishwa, yakapewa namba,
ndiyo yanayoulainisha ule mlio;
wao walibeba maji,
mlio ukabaki kwa mwanamke mwenye meno sita
anayepepeta ulezi na kuwafokea kuku.

Usiku, nyuma ya zahanati, nilijaribu peke yangu.
Ulimi juu, vuta, achia.
Juu, vuta, achia.
Mlinzi akanimulika tochi: "Daktari, unaita punda?"
Nikasema hapana.
Punda alikuwa amekwisha fika.