Nipe Chumvi

Orodha ilifika Jumanne, kurasa tatu,
imepigwa chapa dukani kwa Osvaldo, pale Cuneo,
penye vioo vinavyometa hata siku ya theluji.
Vitu mia na kumi na viwili,
kila kimoja na bei yake na kijisanduku cha alama,
asije mtu akarudia cha mwenzake.
Ludovica, binti wa marehemu kaka yangu,
ametaja hata rangi ya mataulo.

Sikumcheka.
Sisi hatukuandika chochote, tukapata birika saba za kahawa.
Saba! Amedeo alizipanga dirishani
kama wanakwaya waliosahau wimbo,
na hadi leo mbili hazijaonja moto.
Jirani yetu mchonga mawe ndiye aliyeleta ngazi:
ngazi ya mbao, imefungwa utepe mwekundu,
ikakwama mlangoni, wageni wakavunjika mbavu.
Lakini ndiyo tuliyochumia cheri miaka thelathini,
ndiyo niliyopandia hadi dirisha la jikoni
usiku ule nilipofungiwa nje.
(Nani alinifungia? Tusiulizane.)

Nikavaa miwani. Nimechelewa, wepesi wamekwisha wahi.
Imebaki sufuria ya samaki, ndefu kama jeneza la paka.
Imebaki pasi ya mvuke.
Na huku chini, karibu na ukingo wa karatasi:
vichupa vya chumvi na pilipili, kioo kizito, jozi mbili,
na mwandiko wake mwenyewe pembeni:
"moja kila upande wa meza, mtu asisumbuke."

Mtu asisumbuke.
Nilikaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa.

Mwaka wa mafuriko, mwezi Machi,
mimi na Amedeo tulinuniana siku nne
kwa jambo ambalo nikilitaja leo
halijazi hata kijiko.
Tulipishana ukumbini kama wapangaji.
Alikohoa, sikuuliza. Nililia, hakusikia,
au alisikia, akafungua redio.
Chumvi nyumbani ilikuwa moja tu,
na upande wa meza ulikuwa wangu.
Siku ya tano nikapika maharage
nikasahau kuyakoleza.
Nasema nilisahau.
Akala kijiko, akala cha pili,
cha tatu akakishusha polepole.
"Nipe chumvi," akasema,
kwa sauti iliyoota kutu.
Nikampa. Vidole vikagusana juu ya mkate.
"Asante," akasema, na asante ile ikavuta neno,
neno likavuta jingine, na kabla sahani hazijaoshwa
tulikuwa tunagombana tena, kwa raha,
kama watu wanaofahamiana.

Kesho yake nikapanda basi hadi dukani.
"Nataka kimoja," nikamwambia Osvaldo. "Cha chumvi."
"Huuzwa kwa jozi, mama."
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kiatu cha kushoto.
"Basi niuzie jozi zote mbili,
nipe kimoja, vitatu baki navyo,
na utie alama kwenye orodha, asinunue mwingine."
Akahesabu mara mbili. Nikalipa mara moja.
Mwezi huu ni wa supu, nami supu sina ugomvi nayo.

Tazio, bwana harusi, ni kijana mpole,
dereva wa treni za usiku, hasemi sana.
Huyo ndiye ninayemhofia. Mkali hupasuka yakaisha,
mpole huweza kukaa kimya mpaka Pasaka.

Kadi ilinishinda. Niliandika ushauri, nikauchana.
Niliandika habari za Machi, nikaona aibu.
Mwisho nikaandika: "Kikae katikati ya meza,"
nikatia sahihi, nikafunga boksi kwa utepe mwekundu.

Ludovica atafungua, atatafuta kingine ndani ya karatasi,
ataikung'uta, atamgeukia mumewe:
shangazi amezeeka, au amekuwa bahili.

Na waseme.
Nina subira, na kioo kile ni kigumu.
Iko Machi yao, inakuja njiani,
na siku moja maharage yatakuwa chapwa.