Rudi Kesho, Saa Nne

"Faili halijashuka," alisema kijana wa dirisha namba tatu,
kana kwamba faili ni mbuzi, bado linatafuna majani huko juu.
"Rudi kesho, saa nne."

Nauli ya Manyoni nimeifunga kwenye pindo la khanga,
hiyo haiguswi.
Kitanda ni kwa shangazi Mchiwa, Chang'ombe, bure,
ukiondoa maswali yake.
Imebaki elfu tatu na mia tano
na siku nzima.

Sechelela, binti wa mama mdogo, yuko Palermo,
anamwogesha bibi wa watu na kumkata kucha.
Juzi alinitumia sauti: "Dada, huku kuona ni kwa tiketi,
hata ukuta ulioanguka una kiingilio.
Mimi nangoja Jumapili ya bure.
Siku nyingine nakaa kwenye ngazi za kanisa,
mkate mfukoni, nawatazama wanaotazama."

Basi leo na mimi ni mtalii.
Nikakaza kamba za raba.

Kwanza stesheni ya zamani.
Treni hakuna saa hizo, ila mizani ya mizigo ipo,
nikapanda juu yake.
Kilo sitini na nane.
"Shusha mkoba," akasema mpakizi aliyekuwa amelala kwenye magunia,
bila kufumbua macho.
Sitini na sita.
Nikamshukuru kama daktari.

Msikiti mkubwa niliutazama toka ng'ambo ya barabara.
Kivuli cha mnara kilinijia taratibu,
kikanigusa vidole, kikapanda magotini,
nami sikusogea mpaka kikamaliza shughuli zake.

Majengo, sokoni, Agosti: zabibu nyeusi
na vumbi juu yake kama poda shingoni mwa mtoto.
"Onja, mwalimu." (Chaki haifichiki.)
Meza ya kwanza, chachu.
Ya pili, tamu.
Ya tatu, nikadai nimesahau ya kwanza ilikuwaje,
nikarudi.
Mama yule akacheka mpaka kilemba kikalegea:
"Mbukwa, mwenzangu! Hapo sasa nunua."
Nikanunua za elfu moja.

Jioni nikapanda lile jiwe,
viatu mkononi, kwa kuwa mwamba ulikuwa bado na joto la mchana
na nyayo zangu zililihitaji.
Watoto wawili waliteleza kwa vipande vya dumu,
wakapanda tena, wakateleza tena,
suruali zao zimekwisha nyuma.
Chini, mabati. Reli. Ndege ikashuka katikati ya mji,
karibu kabisa na mashuka ya watu yaliyoanikwa.
Nilitaka kusema jambo kubwa.
Upepo ukanijaza mchanga mdomoni.

Nikanunua bando la elfu moja, nikamtumia Sechelela sauti.
Akajibu usiku, kwa maandishi:
*Sijasikia neno hata moja.
Ila huo upepo naujua.
Nimeusikiliza mara tatu,
bibi akaniuliza ni bahari gani hiyo.*

Asubuhi chai na chapati, mia saba.
Saa nne, dirisha namba tatu. Faili bado.
Kijana akaliona doa la zabibu kwenye bahasha yangu.
"Jana ulikuwa wapi?"
Nikamweleza mizani, kivuli, jiwe.
"Jiwe lipi?"
Ana miaka minne hapa, alikuja na wizara kutoka Dar,
anajua njia ya ofisini na njia ya kitandani.
Nikamchorea nyuma ya fomu iliyoharibika:
hapa duka la saruji, hapa kata kushoto,
hapa vua viatu.
Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati,
akatazama nyuma kama bosi yupo.
"Njoo saa nane, mwalimu. Huenda likashuka."

Nina mia nane na masaa manne.
Yule mama wa zabibu alisema, karibu na uzio wa uwanja wa ndege
kuna kichuguu,
ukisimama juu yake
unaliona tumbo lote la ndege.